Seva yangu ya nyumbani inavyoamka yenyewe alfajiri

Seva yangu ni kompyuta ya mezani ya zamani yenye Debian (aina ya Linux) na diski mbili. Inatunza picha za familia na kupokea nakala za laptopu na simu za hapa nyumbani. Usiku hakuna anayeihitaji, na kuiacha ikiwaka hadi asubuhi kwa joto hili la Dar es Salaam ni kula uniti za LUKU bure. Nilitaka ilale usiku wa manane, iamke saa kumi na moja alfajiri, na nakala ziwe tayari kabla watu hawajatoka kwenda kazini na shuleni.

Mambo yalininyookea nilipoelewa ni nani anayekesha kompyuta ikilala. Katika usingizi mzito prosesa na diski huzimwa, feni husimama, na kumbukumbu peke yake hubaki na umeme kidogo. Linux haiko macho kuhesabu muda. Anayehesabu ni saa ndogo ya kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), ileile inayoshikiliwa na betri ya CR2032 ukichomoa waya. Saa hiyo ina kengele, na kengele yenyewe hushika muda mmoja tu. Ikishalia, lazima ipangwe upya.

Kabla ya ratiba yoyote, anza na jaribio hili:

sudo rtcwake -m mem -s 120

Mashine italala, na baada ya dakika mbili itaamka. Isipoamka, usihangaike na ratiba kwanza. Ingia kwenye bayosi, yaani mipangilio ya madabodi inayotangulia Linux kuwaka, utafute sehemu ya umeme inayoruhusu saa kuamsha mashine. Kila mtengenezaji ameipa jina lake. Angalia pia faili la /sys/power/mem_sleep: neno deep likiwa ndani ya mabano ya mraba, usingizi wako ni ule mzito.

Kengele yangu nimeikabidhi kwa taima ya systemd, programu ya Linux inayosimamia huduma na ratiba zake, kwa sababu huipanga upya kila siku bila mimi kukumbuka. Ndani ya faili la taima niliandika:

OnCalendar=*-*-* 05:00:00
WakeSystem=true
Persistent=true

Mstari wa pili ndio wenye uchawi wote. Lakini kazi yake ni kuamsha tu, hairudishi mashine kulala. Kulala kuna mpango wake kando: hati ya usiku (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) hunakili diski ya kwanza kwenda ya pili kwa rsync, na mstari wake wa mwisho ni systemctl suspend. Hivyo hailali kazi ikiwa katikati.

Bayosi nyingine zina nafasi ya kuandika muda wa kuamka humohumo, na hiyo huwasha hata mashine iliyozimwa kabisa. Ukiitumia, kumbuka kwamba Linux kwa kawaida huiweka saa ya madabodi katika UTC (saa ya kimataifa), nasi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo 05:00 yetu huandikwa 02:00.

Kisha kuna umeme kukatika, na hapa sitaki mtu apuuze. Ukikatika mashine imelala, kilichokuwa kwenye kumbukumbu kinapotea, na ukirudi utakuta seva imezimwa, wala taima haina wa kumwamsha. Ndiyo maana nimeiagiza bayosi iwashe mashine umeme ukirudi. Persistent=true hukamilisha yaliyobaki: kama saa kumi na moja ilipita seva ikiwa imezimwa, kazi ya alfajiri hufanyika mara tu mashine inapowaka. Hati zangu pia hufunga mafaili yote kabla ya kulala, kwa hiyo umeme ukikatika mashine ikiwa imelala hakuna nakala iliyo nusu.

Asubuhi hutazama systemctl list-timers, inayoonyesha taima ilifyatuka lini na itafyatuka lini tena. Na mtu akitaka picha usiku, nimewasha Wake-on-LAN (uwezo wa kuamsha mashine kwa ujumbe wa mtandao) kwenye kadi ya mtandao, akaiamsha kutoka kwenye simu yake akiwa ndani ya Wi-Fi ya nyumbani.