Ov 7024, injini iliyogeuzwa mnara wa kumbukumbu

Kwenye karakana ya Moskva-Sortirovochnaya, reli ya Moscow–Kazan, mnara wa kumbukumbu ni injini ya mvuke yenyewe. Ov 7024 ni moja ya injini tatu ambazo mafundi wa hapo walizifufua kwa usiku mmoja, na kwangu hakuna sanamu ya shaba inayoifikia kwa heshima.

Ilikuwa Jumamosi, 12 Aprili 1919, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi vimepamba moto na injini nzima ni haba. Watu 15, Ivan Burakov akiwa kiongozi wao, walishika spana saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, bila malipo. Wakaazimia kurudia kila wiki mpaka Kolchak, kamanda wa majeshi yaliyowapinga Wabolsheviki, ashindwe kabisa. Tarehe 10 Mei wakajitokeza 205: walitengeneza injini 4 na mabehewa 16, wakapakia na kupakua mizigo ya pudi 9,300 (kipimo cha uzito cha Kirusi), yaani kama tani 152. Lenin aliandika juu yao, na msaragambo huo ukaenea nchi nzima kwa jina la subotniki, kutokana na neno la Kirusi la Jumamosi.

Ukiikabili Ov kwa mbele, tazama silinda zake: hazilingani. Moja ina kipenyo cha milimita 500, nyingine 730. Mvuke huingia kwanza kwenye ndogo, na ukitoka humo bado una nguvu ya kusukuma pistoni ya ile kubwa. Hivyo makaa yanaokolewa. Udhia wake ni kwamba pistoni ndogo ikisimama mwisho kabisa wa mwendo wake, treni haing'oki. Ndiyo sababu ipo vali ya kuondokea, inayopeleka mvuke wa boila moja kwa moja kwenye silinda kubwa.

Injini ikishapandishwa jukwaani huanza kuoza kwa ndani, na rangi mpya huficha tu. Masizi ya makaa yana salfa. Yakilowa huwa tindikali inayokula sakafu ya chumba cha moshi, kilicho mbele ya boila chini ya bomba. Bati linalofunika boila nalo hunasa maji ya mvua. Kwa hiyo ziba bomba la moshi, komba majivu yote, acha koki za silinda na za boila wazi, na uvue bati kabla ya kupaka rangi. Chini yake huenda kuna asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kwa hiyo kazi hiyo waachiwe wenye vifaa vya kujikinga. Kisha gonga chuma kwa nyundo ndogo, ukianzia kona za chini za tanuru. Majivu hujikusanya hapo, na matundu ya kwanza hutokea hapohapo.