Tone la Kisiginoni

Mwaka 2019, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, mdogo wangu alishuka kutoka Newala kunifuata Mtwara mjini akiwa na binti yake wa miezi minne. Maneno yalikuwa yamemchosha: mtoto amebemendwa. Mama mkwe wake aliyasema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma zaidi.

Mtoto alikuwa mlegevu. Ukimwinua kwa mikono, kichwa kinabaki nyuma. Ukimlaza, miguu inatanuka kama ya chura. Lakini macho yake yalifuata kila kitu chumbani, na ukimsemesha anatabasamu.

"Dada, wewe ni nesi. Niambie ukweli, ni mimi?"

Nikampeleka kwa daktari wa watoto. Alimvua nguo, akatazama anavyopumua: tumbo linapanda, kifua kinabonyea. Akagonga magoti kwa kinyundo, miguu ikatulia tuli. Kisha akaniita nitazame ulimi. Ulikuwa ukichezacheza kwa vijitetemo vidogo visivyokoma. Miaka yote niliyofanya kazi kliniki ya mama na mtoto, sikuwahi kuona ulimi wa namna ile.

Akasema anahisi ni SMA, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, na damu iliyopelekwa nje ya nchi ilikuja kuthibitisha. Mtoto hurithi jeni ya SMN1 ikiwa mbovu kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe hawaumwi chochote. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne. Seli za neva zinazoendesha misuli hufa kwenye uti wa mgongo, na zikishakufa hazirudi.

Katika yote hayo mdogo wangu alishika moja: "Kwa hiyo sikumbemenda?"

"Hapana, mama. Alizaliwa nayo."

Akalia sana. Nikamwacha alie.

Nikauliza dawa. Mei mwaka uleule Marekani ilikuwa imeidhinisha tiba ya jeni inayotolewa mara moja tu, kwa zaidi ya dola milioni 2. Kabla yake, Desemba 2016, iliidhinishwa nusinersen, inayodungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, tena na tena. Hufaa zaidi mtoto akianza kabla dalili hazijatokea, ndiyo maana tangu 2018 Marekani inapendekeza vichanga wapimwe SMA kwa tone la damu la kisiginoni.

Hapo sikuweza kunyamaza. Tone hilo nalijua! Watoto wa akina mama wanaoishi na VVU nimewachoma kisigino wakiwa na wiki sita, nikaanika karatasi, ikasafirishwa maabara.

"Daktari, karatasi ileile kwa nini isipime na hili, tena mapema zaidi?"

"Sista, tukipima na dawa hatuna, mama tutamwambia nini?"

Nilimjibu, na jibu hilo nalishikilia hata sasa, baada ya kumzika mtoto yule kabla hajatimiza mwaka. Mama ataambiwa namna ya kumlaza mtoto, kumlisha asipaliwe, kumtoa makohozi. Ataijua hatari ya mimba ijayo. Na dawa itaombwaje kwa watoto ambao hakuna aliyewahesabu?

Jioni ile tuliporudi kutoka kwa daktari, mdogo wangu alimpigia simu mama mkwe wake. Alimweleza taratibu, bila ugomvi, kwamba jeni ile imetoka kwao wote wawili, yeye na mumewe.