Punda wa Mjomba

Mjomba wangu wa Lamu alikuwa na punda wa kubebea mchanga na mawe ya ujenzi, na kwa miaka mingi alinisisitizia nitoke Malindi nikashuhudie tamasha la utamaduni. Nilikwenda mwezi wa Novemba, miaka michache baada ya UNESCO kuutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nilipovuka kwa mashua kutoka Mokowe, hamu yangu ilikuwa kusikiliza mashairi na kutazama ngoma ya goma. Kwa mjomba, hayo yote yalikuwa mapambo ya mbio za punda.

Hotuba zilisomwa katika uwanja wa Mkunguni, mbele ya ile ngome iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984, nazo zilikuwa ndefu kupita kiasi. Mjomba alinishika mkono tukaondoka katikati ya hotuba ya pili. Punda wake alikuwa amefungwa kivulini, amekwisha kuogeshwa, na mahali ambapo shogi, ule mfuko wa mizigo anaovikwa mgongoni, humsugua ubavuni palikuwa pamepakwa dawa iliyotoka katika zahanati ya punda, ambayo imewatibu wanyama wa mji huo tangu mwaka 1987. Mjomba aliinua kila ukwato, akauchokoa kwa kijiti, kisha akamkabidhi kamba kijana wa jirani aliyekuwa amevaa kikoi alichokikunja hadi magotini.

Hapakuwa na tandiko wala vikuku vya mpandaji kukanyagia. Waendeshaji walikaa nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu ikining'inia, na filimbi ilipolia barabara ya ufukoni ilijaa vumbi na kelele. Punda mmoja aligeuka akarudi alikotoka, mwingine akazunguka papo hapo huku mpandaji wake akimsihi kwa maneno ambayo wazee waliyakemea. Watu waliojazana ukingoni mwa bahari walirudi nyuma kwa kusukumana, na akina mama waliokuwa barazani walipiga vigelegele hata kabla hawajajua nani anaongoza.

Punda wetu alikuwa wa tatu, kisha wa pili, akikimbia kwa mwendo ulionifanya nipige kelele bila kujijua. Alipofika mahali ambapo majahazi hushusha mchanga, alisimama ghafla. Hakuchoka wala hakushtuka; alisimama wima, masikio yametulia, ubavu ameuelekeza baharini kama afanyavyo kila asubuhi anaposubiri kupakiwa. Kijana alimpigapiga shingoni, akashuka, akamvuta kwa kamba, na wengine wote wakawapita, hata yule aliyeanza kwa kurudi nyuma.

Nilitarajia mjomba angekasirika. Badala yake alizunguka akiwaeleza watu, kwa fahari ambayo hata mshindi hakuwa nayo, kwamba mnyama wake ndiye pekee aliyeijua kazi yake. Jioni, barazani, mjadala ulikuwa huohuo, kahawa chungu ikipita mkono kwa mkono. Mjomba alitangaza kwamba kabla ya tamasha la mwaka uliofuata angemhamishia punda huyo kazi upande wa Langoni, ili apasahau mahali pale.

"Basi atasimama Langoni, bwana," mzee mmoja akamjibu, na mjomba akawa wa kwanza kucheka.