Jinsi Nilivyopata Pa Kula na Pa Kukaa Hanoi

Hanoi ni mji unaokula nje. Kuanzia alfajiri hadi usiku, watu wake huketi kwenye vigoda vya plastiki visivyofika hata magotini, kando ya njia, mlangoni mwa nyumba na ndani ya vichochoro, na vibanda vingi hupika chakula kimoja tu ambacho mwenyewe, na mara nyingi mama yake kabla yake, amekipika miaka yote. Orodha ya vyakula haihitajiki kwa kuwa hakuna cha kuchagua: mteja huketi, na chakula huja. Utaratibu huu unamfaa sana mtu anayekula kila kitu. Mimi nilikwenda huko kufundisha Kiingereza, nikiwa Mwislamu wa Tanga niliyelelewa katika nyumba isiyojua nguruwe, na nguruwe ni nguzo ya jiko la Hanoi. Yumo katika mchuzi wa tambi, yumo ndani ya maandazi ya mvuke, na mafuta yake hutumika kukaangia hata mboga. Nimeona nieleze jinsi nilivyopata nafasi yangu katika vibanda hivyo, kwanza kwa sababu nilicheka humo kuliko mahali pengine popote nilipopata kuishi, na pili kwa sababu ndugu zetu wanaokwenda Vietnam kusoma na kufanya kazi huniuliza kama mtu wetu anaweza kukaa huko bila kujipikia kila siku.

Msaada wa kwanza niliupata katika Msikiti wa Al-Noor, ulioko mtaa wa Hàng Lược katika mji mkongwe. Ndio msikiti pekee wa Hanoi, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, na siku ya Ijumaa hukutanisha maofisa wa balozi, wanafunzi na wachuuzi kutoka pande nyingi za dunia. Mzee mmoja niliyesali ubavuni mwake alinishauri nitembee na kadi iliyoandikwa Kivietnamu, kwa sababu maneno ya mdomoni hupotea katika kelele za pikipiki, ilhali karatasi husomwa na kila mtu. Mwanafunzi wangu aliniandikia kwa hati nzuri kwamba mwenye kadi hii hali nguruwe, wala mafuta yake, wala mchuzi wa mifupa yake, bali anakula samaki, mayai, tofu na mboga.

Nilimpa kadi hiyo mama aliyekuwa akiuza tambi karibu na nyumba niliyopanga. Akaisoma kwa sauti, yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama anayetangaza habari za kijiji, na wateja wake wakaacha kula. Babu mmoja alikunja gazeti akauliza kama nước mắm, mchuzi wa chumvi wa samaki waliochachushwa, unaruhusiwa. Kijana aliyekuwa bado ameketi juu ya pikipiki, injini ikinguruma, alitaka kujua konokono anahesabiwa upande gani, maana Hanoi konokono ni kitoweo cha heshima, na swali hilo likazua mjadala uliogawa kibanda pande mbili. Mwenyewe alikata shauri kwa kupiga kelele kuvuka barabara. Mayai yakaja kutoka kibanda cha pili, wali ukaletwa na binti wa kibanda cha tatu, mboga iliyochemshwa ikatoka kwa jirani yake, nami nikawalipa watu watatu huku nimekalia kigoda cha mtu wa nne ambaye hakuniuzia chochote, na ambaye kisha alinimiminia chai na kukataa fedha. Tangu siku hiyo, nikitokeza tu kichochoroni, vibanda hivyo viliitana bila mimi kusema neno. Baadaye niligundua kwamba kuagiza chakula cha jirani na kukila kwenye kigoda cha mwingine ni jambo la kawaida huko. Kadi yangu iliutumia tu ujirani uliokuwapo zamani.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni mgahawa mdogo wa cơm chay, yaani wali usio na nyama, wa aina inayopatikana katika mitaa mingi kwa ajili ya Wabudha. Wavietnamu wengi, hata wasioshika dini kwa ukali, huacha nyama tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi mwandamo, na siku hizo migahawa hii hujaa hadi watu hula wakiwa wamesimama. Kwa kuwa wao huanza kuhesabu mwezi wao siku moja au mbili kabla ya mwandamo wetu, tarehe yao ya 15 ilikuwa ikiangukia katika siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo mimi hufunga saumu ya sunna. Basi bibi mwenye mgahawa aliniona nikifika kila mwezi mpevu, jua linapozama, nikitazama saa, nikinywa maji kwanza, kisha nikila kwa hamu ya mtu aliyeshinda na njaa. Hakuuliza. Aliwaeleza wateja wake kwamba mgeni huyu Mwafrika ana ibada inayowashinda watawa wa pagoda, akaniwekea meza ya pembeni iliyo karibu na madhabahu yake ndogo, na wanawake wazee wakaanza kuniinamia kichwa kwa heshima. Nilimwita mwanafunzi wangu anitafsirie, nikamweleza bibi dini yangu na saumu yangu. Alisikiliza kwa makini, akaridhika kabisa, akasema, kwa maneno ya kijana yule, «Vema, mjukuu wangu, mwezi ni mmoja.» Meza haikubadilishwa.

Jikoni kwake bibi huyo kulikuwa na jambo jingine. Wapishi wa chay wa Vietnam ni mafundi wa kuigiza nyama: kwa soya, ngano na uyoga hutengeneza samaki mwenye ngozi, paja la kuku, na vipande vya nguruwe vyenye mistari ya mafuta na nyama iliyopangwa sawasawa. Bibi alijivunia hasa nguruwe wake. Aliponiletea sahani mara ya kwanza, nilitoa kadi; akaisoma, akacheka hadi akaketi, kisha akanishika mkono akanipeleka jikoni kunionyesha kila kitu tangu maharage ya soya yakiwa mabichi. Nilikula, na nasema kwa uaminifu kwamba kilikuwa kitamu sana. Mwanamke mmoja aliyekuwa mezani aliniuliza kama ladha ni sawa na ile halisi, na nilipomjibu kwamba mimi ndiye mtu asiyefaa kabisa kuulizwa, kicheko kilienea hadi barabarani.

Kwa samaki nilikwenda mji mkongwe kula chả cá. Ni samaki wa mto aliyekatwa vipande, akatiwa manjano, akachomwa, kisha akamaliziwa kwenye kikaango kilicho juu ya meza yako pamoja na shibiti na majani ya vitunguu vingi, akaliwa na tambi za mchele na karanga. Chakula hiki kina sifa kubwa hata mtaa uliokuwa ukiitwa Hàng Sơn ukabadilishwa jina na kuitwa kwa jina lake. Ni muhimu kuuliza kwanza mafuta ya kikaango. Mahali nilipozoea walitumia ya mimea. Kitoweleo chake ni mắm tôm, uduvi uliosagwa na chumvi ukachachushwa, wenye rangi ya zambarau na harufu inayowakimbiza wageni wengi, kiasi kwamba wahudumu huuondoa mezani kabla mgeni hajaketi na kuleta mchuzi ule wa samaki waliochachushwa badala yake. Niliwaomba waurudishe. Mhudumu alikataa kwa upole, nikaomba tena, akamwita mkuu wake, naye akaleta bakuli dogo kama anayebeba dawa kali. Kwa mtu aliyekulia jirani na mnada wa samaki Tanga, panapoanikwa ng'onda, harufu ile ilikuwa salamu kutoka nyumbani. Nilikamua ndimu ndogo, nikatia sukari na pilipili, nikapiga kwa vijiti mpaka povu likapanda, kama nilivyowaona wenyeji wakifanya, na wapishi watatu walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama. Nilipochovya kipande cha pili, mmoja wao alirudi jikoni akaleta bakuli kubwa.

Ya kahawa sina haja ya kuyarefusha, ingawa Vietnam ni ya pili duniani kwa kuzalisha zao hilo. Anayefika Hanoi anywe kahawa ya yai, iliyobuniwa mwaka 1946 na Nguyễn Văn Giảng, mfanyakazi wa hoteli ya Metropole, wakati maziwa yalipoadimika na yeye akapiga kiini cha yai kwa sukari kushika nafasi yake. Mkahawa wake uko mtaa wa Nguyễn Hữu Huân, ndani ya kichochoro ambacho watu wawili hupishana kwa ubavu.

Vibanda vya chai ndivyo vilivyonifundisha kukaa. Hapo kuna birika, barafu, mtungi wa pipi na sahani ya mbegu za alizeti, na swali la kwanza daima ni umri, kwa sababu hakuna awezaye kukuzungumzisha kabla hajajua kama wewe ni kaka, mdogo wake, mjomba au mjukuu. Sisi tuliokua kwa shikamoo tunalielewa hilo mara moja. Bibi wa chai niliyekuwa mteja wake aliposikia kwamba nilizaliwa 1987, alihesabu kwenye viungo vya vidole, akapiga kofi: mwaka wa paka! Huko kila mwaka huitwa kwa jina la mnyama, katika mzunguko wa wanyama kumi na wawili; Wachina wana sungura katika nafasi hiyo, lakini Wavietnamu wana paka. Kuanzia hapo kila mteja mpya alitambulishwa kwanza mwaka wangu, kisha ndipo nchi yangu. Nilipokuwa nikikusanya maganda ya alizeti mkononi ili nisichafue, bibi aliyachukua kutoka kiganjani mwangu, akayatupa chini yalikokuwa ya wenzangu, akanipangusa mkono.

Hapo pia nilielewa faida ya vigoda kuwa vidogo na vyepesi. Njia za miguu ni mali ya umma, na askari wa kata hupita kuzisafisha. Jioni moja sauti ya kipaza sauti ilisikika kutoka kona ya mtaa, na kabla sijageuka, wateja wote walikuwa wamesimama, kila mmoja ameshika bakuli lake, huku vigoda vikipandana na kuingia ndani ya nyumba moja baada ya kingine. Gari lilipita polepole mbele ya watu ishirini hivi waliokuwa wamesimama ukutani wakila tambi kwa utulivu, kana kwamba ndivyo tambi zinavyoliwa. Lilipokata kona vigoda vilirudi, na mzee wa karibu yangu aliendelea na sentensi yake pale alipoiacha. Msomaji wa Kariakoo anawajua mgambo wa jiji, lakini nadhani hajapata kuona amani ya namna ile.

Mwaka Mpya wa mwezi, Tết, ndio mtihani wa kweli kwa mgeni, maana vibanda hufungwa siku kadhaa na mtu asiyeweka akiba hubaki na biskuti. Bibi wa cơm chay alinipa bánh chưng, wali wa kunata uliofungwa kwa majani ukachemshwa kwa saa nyingi, aliounda bila nguruwe, pamoja na agizo: niwe mteja wake wa kwanza wa mwaka. Wafanyabiashara wa Hanoi huamini kwamba mteja wa kwanza ndiye anayeamua bahati ya siku. Nilishawahi kumwona muuza nguo wa soko la Đồng Xuân akiwasha karatasi na kuizungusha juu ya bidhaa zake baada ya mtu kuuliza bei asubuhi akaondoka bila kununua. Mteja wa kwanza wa mwaka ni mzito zaidi. Bibi alikuwa ameshaulizia kwa bibi wa chai mwaka wangu wa kuzaliwa, na paka alikubaliana na hesabu zake. Nilifika mapema siku aliyofungua, nikiwa nimevaa kanzu na kofia niliyoshonewa nyumbani, nikaagiza sahani kubwa kuliko zote, nikalipa kwa noti mpya bila kudai chenji, naye akaniletea yule nguruwe wa soya, vipande viwili zaidi.