Ukuta ambao haukuwa wangu kuubomoa

Mteja wangu alikuwa anageuza ofisi ya zamani kuwa kliniki ya meno. Siku ya kwanza aliupiga ukuta wa kati kwa kiganja akasema, "Huu utoe, nataka mapokezi yawe wazi."

Mimi ni msanifu wa mambo ya ndani niliyesajiliwa, na kuta nimezitoa nyingi. Zile za jipsamu zinazogawa vyumba tu, nachora, natia saini, fundi anabomoa. Lakini huu ulikuwa wa tofali, unene wake sentimita 23. Nikapanda ghorofa ya juu, nikakuta ukuta mwingine umesimama papo hapo juu yake, yaani huenda huu wa chini ndio unaoubeba. Nikamwambia siugusi mpaka mhandisi wa miundo auone.

"Sasa wewe nimekuajiri wa nini?"

Swali lile nililala nalo. Kesho yake nikaja na ramani na penseli tatu za rangi. Kijani ni ninachokifanya na kukibebea dhamana: mpangilio wa vyumba, dari, sakafu, rangi, makabati, na vifaa visivyoshika moto upesi. Nyekundu ni cha wengine: nguzo, mihimili, hesabu za umeme. Njano tunashirikiana. Taa, kwa mfano: mimi naamua ikae wapi na mwanga uangukeje kwenye kiti cha mgonjwa, mhandisi wa umeme anakokotoa nyaya. Chumba cha eksirei, kinga ya kutani anaipima mtaalamu wa mionzi, mimi nahakikisha hakuna kabati litakaloitoboa. Ukurasa ule tukauambatanisha na mkataba. (Sheria za usajili hazifanani kila nchi. Kwingine mchoro wenye muhuri wetu unatosha kuombea kibali, kwingine hautoshi. Uliza kabla hujachora.)

Ugomvi wa pili ulikuwa ndani ya kijani, na hapo sikurudi nyuma. Alitaka meza ya mapokezi isogezwe hadi kwenye korido, njia ibaki sentimita 80. Ile ndiyo njia ya kukimbilia nje moto ukizuka. Sikubishana naye. Nilibandika utepe sakafuni kuonyesha meza itakapokaa, nikapanga maboksi juu yake, kisha nikaazima kiti cha magurudumu nikamwomba akalie. Kiti kama hicho kinahitaji duara la kama mita 1.5 kugeuka. Alijaribu mara mbili, vidole vikakwaruza ukuta. Akanyamaza kidogo, akainuka, akayasogeza maboksi mwenyewe.

Mhandisi wa miundo alipokuja alisema ukuta ubaki, ila unaweza kukatwa uwazi wa mita 1.2 chini ya linta (boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi) aliyoikokotoa yeye. Nikapanga mapokezi upya kuuzunguka uwazi ule, na anayeingia mlangoni anamwona mhudumu moja kwa moja.

Ramani ya rangi tatu ilibaki imebandikwa pale kazini hadi siku ya kukabidhi. Mafundi walizoea kuniuliza kabla ya kuwasha drili: "Hapa kijani au nyekundu?"