Siku yangu moja na tangsteni: mapigo laki moja kabla ya kula mchana

Saa 12 na nusu asubuhi
Niko kwenye treni ya Düren kwenda Jülich, huku Ujerumani, nje giza na baridi. Mdogo wangu wa Moro kaniachia voisi noti usiku, swali lile lile la kila mtu, yani bro hilo jua mnalotaka kuliwasha si litayeyusha hicho chuma chenu? Jua lenyewe ni mtambo wa fyusheni, unaounganisha viini vya atomu kama jua linavyofanya, na chuma ni tangsteni, metali ya kukinga kuta zake. Nikamjibu kifupi, tangsteni inayeyuka kwa nyuzi 3,422, hakuna metali nyingine inayofika hapo, na kuyeyuka sio ugonjwa wake mkubwa. Ugonjwa wake ni nyufa.

Saa 2
Maabara. Sampuli ya leo ina milimita 12 kwa 12, unene 5, ukiiweka kiganjani unashtuka, kadogo ivo ila gramu 14 hivi, maana tangsteni kwa uzito inakaribiana kabisa na dhahabu. Uso umeng'arishwa mpaka unajiona pua. Glavu ni lazima. Alafu inaingia ndani ya mashine yetu ya plazma (gesi ya moto sana yenye chaji za umeme), inaitwa PSI-2, pampu zinaanza kunyonya hewa, mi nakunywa chai.

Saa 4 na nusu
Plazma imewaka, dyuteri (hidrojeni nzito) na heliamu kidogo, rangi ya waridi kali kwenye kidirisha, sijawahi kuichoka. Tunaipasha sampuli mpaka nyuzi 730 ndo leza inaanza kugonga, kila pigo milisekunde 1, mapigo 10 kwa sekunde, ukipiga hesabu laki moja ni karibu masaa matatu. Tunaigiza milipuko midogo inayotoka pembezoni mwa plazma, wenyewe tunaiita ELM, kule kwenye mtambo wa fyusheni wa ITER unaojengwa Cadarache, Ufaransa, itakuwa inashukia daivata, sehemu ya chini inayopokea joto na uchafu wa plazma. Hapo hata bila milipuko ni megawati 10 kwa kila mita ya mraba, muda wote.

Sasa sikia kinachotokea. Milisekunde moja ni fupi mno, joto halijazama hata nusu milimita, kwahiyo ngozi ya juu imeruka nyuzi mia kadhaa inataka kutanuka na chini huko hakuna habari, inabanwa, inaminyika na hairudi, alafu ikipoa inajikuta imepungukiwa, inavutwa kila upande. Na tangsteni ya baridi haijui kupinda, inakatika kama kigae. Ndo maana tunaipasha kwanza. Ila nako usizidishe, ukipita 1,300 hivi kwa muda mrefu punje zake zinajipanga upya, zinakuwa kubwa, uimara unashuka. Unaishi katikati hapo, pembamba.

Saa 7 na nusu
Kantini. Viazi tena.

Saa 9
Mikroskopu ya elektroni, sampuli za wiki iliyopita. Kwa macho ni doa la kijivu tu kwenye kioo, ukivuta karibu unaona mtandao wa nyufa, na kingo za ufa zimenyanyuka. Kingo hizo ndo zinanitisha kuliko ufa wenyewe, zimeachana na metali ya chini kwahiyo joto halina pa kwenda, na hapo ndo inaweza kuanza kuyeyuka kweli hata kama pigo ni lile lile. Nyingine ilikaa kwenye heliamu tupu, imekuwa nyeusi tii, uso mzima vinyuzi vyembamba vya nano.

Saa 11
Mtu kaniuliza kwenye grupu kwanini msirudi kwenye kaboni. Kaboni inakula tritiamu na kuificha, mafuta ya mtambo hayo, yana mionzi. Na tangsteni inawezekana, mtambo wa WEST, hapo hapo Cadarache, daivata yake ni tangsteni, tarehe 12 Februari 2025 ulishika plazma sekunde 1,337. Na pale Nyakabingo, Rwanda, watu wanaichimba hiyo tangsteni, wengi hatujui.

Kesho tunarudia nguvu ile ile bila kupasha. Mi nasema nyufa zinatokea kwenye mapigo mia ya kwanza, mwenzangu anabisha, tumewekeana soda.