Slagi, Daltoni na Hewa ya Juu ya Ngomeni

Ukifundisha fizikia Malindi, Ngomeni huikwepi. Kuna wanafunzi waliokua wakiyaona yale majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi baharini, na wanajua kwamba setilaiti ya Uhuru ilirushwa pale tarehe 12 Desemba 1970. Wasilolijua wengi ni habari ya San Marco 2, setilaiti ya Waitaliano iliyotangulia, Aprili 1967. Hiyo ilipelekwa kupima msongamano wa hewa kule juu ambako sisi husema hakuna hewa.

"Kwani mwalimu, hiyo hewa ina chembe ngapi?" akauliza msichana wa kidato cha nne.

Jedwali la msongamano wa hewa nililokuwa nalo lilikuwa la wahandisi wa Marekani wa zama zile, na wao hawakuandika kilo. Waliandika slagi, kipimo chao cha tungamo, kwa futi ya ujazo. Chembe nazo hupimwa kwa daltoni, kipimo kidogo mno cha tungamo. Slagi moja ukiigeuza kuwa daltoni unapata namba yenye tarakimu 28.

Nilianza na slagi, maana ndiyo yenye visirani. Wamarekani hutumia pauni kupima tungamo, na pauni hiyo hiyo kupima nguvu. Slagi ni tungamo ambalo nguvu ya pauni moja huliongezea kasi ya futi moja kwa sekunde, kila sekunde. Ndiyo maana slagi 1 ni pauni 32.174 za tungamo, yaani kilo 14.5939; kwa mizani ya wazee wetu, haifiki frasila. Hiyo 32.174 haikuokotwa tu: ni mvuto wa dunia ukipimwa kwa futi.

Daltoni haina maneno. Ni sehemu moja ya kumi na mbili ya tungamo la atomu ya kaboni-12, kilo 1.66054 × 10⁻²⁷.

Njia ya mkato ipo: slagi 1 ni daltoni 8.79 × 10²⁷. Sikuitumia. Namba ya namna hiyo ukiikosea, hakuna kitakachokushtua. Nilipitia kwenye kilo, kwa sababu kilo naijua, na jibu la ovyo nitalitambua. Kwanza nikajaribu hewa ya hapa chini ufukweni: slagi 0.002377 kwa futi ya ujazo. Zidisha kwa 14.5939, unapata kilo 0.0347, yaani gramu 34.7. Nikaigeuza iwe kwa mita ya ujazo, nikalinganisha na ile kilo 1.225 iliyo vitabuni, zikapatana. Hapo nikawa na imani na jedwali.

Sasa huko juu, karibu kilomita 300: nikachukua slagi 4 × 10⁻¹⁴ kwa futi ya ujazo. Kikokotoo cha dukani cha tarakimu nane hapa hakifai kitu, kitakuonyesha sifuri. Tukatenga tarakimu upande mmoja, vipeo upande wa pili. Nne mara 14.5939 ni 58.4, kipeo kinabaki −14, kwa hiyo kilo 5.84 × 10⁻¹³. Kule hewa kwa sehemu kubwa ni atomu moja moja za oksijeni, kila moja daltoni 16, sawa na kilo 2.66 × 10⁻²⁶. Gawanya tarakimu: 5.84 kwa 2.66 ni 2.2. Toa vipeo: −13 toa −26 ni 13. Atomu 2.2 × 10¹³, yaani trilioni 22, ndani ya futi moja ya ujazo.

Darasa likacheka. Trilioni 22, na bado tunaita ombwe! Tukapiga hesabu ya ufukweni pia, tukichukua molekuli ya hewa kuwa daltoni 29: 7.2 × 10²³. Ya huku chini inaizidi ya juu zaidi ya mara bilioni 30.

Slagi haimo katika mtihani wao, kwa hiyo sikuwaandikisha daftarini. Kutenga vipeo na tarakimu ndiko nilikowarudisha kila wiki hadi muhula ukaisha.